Daktari Livingstone na Kasha la Dawa

Kutoka Chikongola hata Mikindani si safari ya siku nzima. Mtu mwenye afya akiondoka kwa miguu alfajiri, jua halijawa kali atakuwa amekwisha kuiona ghuba ile na minazi yake. Hapo ndipo aliposhuka pwani, tarehe 24 Machi 1866, Daktari David Livingstone, mtu wa Uskoti, aliyekuwa ametimiza umri wa miaka 53 siku tano tu kabla yake. Alikuwa na watu wake, na wanyama wa mizigo, na kasha la dawa.

Wengi wetu twamjua kuwa msafiri na adui wa biashara ya watumwa. Wachache wakumbuka ya kuwa kazi aliyosomea ni utabibu. Katika kitabu hiki cha jubilii twapenda kuyasimulia maisha yake kwa upande huo. Kwa maana habari za dawa zake, jinsi zilivyoponya na jinsi zilivyokosekana, zatuhusu sisi wa pwani hii ya Ruvuma hata leo.

UTOTO NA MASOMO YAKE

David alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre. Wazazi wake walikuwa maskini, wakikaa na watoto wao katika chumba kimoja. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitiwa katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi, akaimaliza saa mbili usiku, kisha akaenda darasani. Kitabu chake alikiweka juu ya mashine, akasoma neno moja moja kila alipopita karibu nayo. Twawaomba walimu wawasimulie watoto jambo hili, hasa wale wasemao ya kuwa hawana nafasi ya kusoma.

Alipopata kusikia ya kuwa watabibu watakiwa katika nchi ya China, aliazimu kuwa tabibu ili aende huko. Mwaka 1836 akaingia chuo cha Glasgow kwa fedha aliyojiwekea katika mshahara wake wa kiwandani. Mwezi wa Novemba 1840 alipata hati ya utabibu, ingawa nusura aikose, kwa sababu alibishana na watahini wake juu ya chombo cha kusikilizia kifua. Lakini wakati huo vita vilikuwa vimeifunga njia ya China, naye akapelekwa Afrika ya Kusini. Akafika Kuruman mwaka 1841.

WAGONJWA WALIOTOKA MBALI

Huko Kuruman na katika nchi za jirani habari zake zilienea upesi. Mtoto wa pekee wa Sechele, mfalme wa Wakwena, alikuwa mgonjwa, akamtibu, akapona. Watu wakaja kutoka kila upande. Wengine walitembea maili 130 ili wamwone, yaani zaidi ya kilometa 200. Fikirini, ndugu wasomaji: ni kama mgonjwa wa Mtwara kwenda kwa miguu hata kupita Masasi. Waliofika walitibiwa. Wale ambao miguu iliwashinda njiani, au waliokuwa dhaifu hata wasiweze kuondoka kitandani, hakuna aliyewahesabu.

Livingstone hakuwadharau waganga wa nchi. Mgonjwa aliyekuwa mikononi mwa mganga wa kwao hakumgusa ila kwa ridhaa ya mganga yule, au pale mganga alipokuwa amekwisha kukata tamaa. Kwa hiyo waganga hawakumwona kuwa mnyang'anyi, naye akajifunza kwao mambo ya miti na magonjwa. Alichunguza pia yaliyofichwa na macho ya wengine. Aliandika habari za mbung'o na jinsi anavyoua ng'ombe na farasi, na habari za homa imshikayo mtu baada ya kuumwa na papasi.

Lakini adui wake mkubwa alikuwa homa, hii tuiitayo leo malaria. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua ya kuwa mbu ndiye aichukuaye. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897 tu, na Ronald Ross, huko India. Mwaka 1850 Livingstone aliwaona watoto wake mwenyewe wakiugua homa hiyo karibu na ziwa Ngami. Akatengeneza vidonge vya kwinini vilivyochanganywa na dawa za kuharisha, akavitumia kwao na kwa wengine, akaona vyafaa. Kwa vidonge hivyo, ingawa homa ilimrudia mara nyingi, alivuka Afrika kutoka bahari ya magharibi mpaka bahari ya mashariki, akamaliza safari hiyo Quelimane tarehe 20 Mei 1856. Aliporudi Uingereza watu walimsikiliza sana. Tarehe 4 Desemba 1857 alisema na vijana wa chuo cha Cambridge, na kutokana na maneno yake wakatokea watu wa kuanzisha misheni ya vyuo vikuu, ambayo baadaye ilifika Masasi.

KASHA LILILOKUWA KARIBU

Sasa twafikia jambo la huzuni. Livingstone alisema wazi ya kuwa homa ya Afrika ina dawa, nalo lilikuwa neno la kweli. Kwa neno hilo wengine walipata moyo wa kwenda. Lakini kuijua dawa kwa mtu mmoja ni jambo moja, na dawa kumfikia mgonjwa ni jambo jingine.

Mwaka 1860 misheni nyingine, ile iliyompeleka Livingstone Kuruman, ilipeleka watu Linyanti, mji wa Wakololo, kusini ya mto Zambezi. Bwana Helmore alikwenda na mkewe na watoto wao wanne. Bwana Price na mkewe na mtoto mchanga. Livingstone hakuwa amewahi kufika. Homa ikawashika. Helmore akafa, na mkewe, na watoto wao wawili, na mtoto mchanga wa Price; na mke wa Price akafa wakiwa njiani kurudi.

Miezi michache baadaye Livingstone alifika. Akaenda kulitazama gari lake alilokuwa ameliacha Linyanti tangu mwaka 1853. Wakololo walikuwa wamelilinda miaka yote saba bila kuiba kitu. Na ndani ya gari lile akalikuta kasha lake la dawa, zima, na dawa zenyewe zimo. Wale watu walikuwa wamekufa mwendo wa hatua mia chache tu kutoka pale. Hawakujua.

KASHA LILILOZAMA

Mwezi wa Machi 1861 Livingstone aliingia katika mlango wa mto wetu wa Ruvuma kwa meli yake iitwayo Pioneer. Alikuwa pamoja naye Askofu Charles Mackenzie, mkuu wa kwanza wa misheni ile iliyotokana na maneno ya Cambridge. Walitaka kupata njia ya kufika ziwa Nyasa. Wakapanda mto karibu maili 30. Maji yakapungua, homa ikawashika mabaharia, wakarudi baharini. Kwa hiyo Askofu huyo aliyaona mikoko na fukwe zetu, lakini hakukaa. Akaenda pamoja na Livingstone kwa njia ya Zambezi na Shire, akaanza kazi Magomero.

Mwanzo wa mwaka 1862 Mackenzie na mwenzake Burrup waliteremka mto Shire kwa mtumbwi ili waonane na Livingstone mahali mto Ruo uingiapo. Usiku mtumbwi ukapinduka. Watu wakaokoka, lakini mizigo ikalowa na kuzama, na dawa zote, kwinini ikiwamo, zikapotea. Wangeweza kurudi. Hawakurudi, kwa kuwa walikuwa wametoa ahadi ya kuonana. Wakangoja katika kisiwa chenye mbu wengi. Homa ikamshika Askofu, naye akafa tarehe 31 Januari 1862. Burrup akamfuata mwezi wa Februari.

Tena, tarehe 27 Aprili mwaka ule ule, huko Shupanga, Livingstone alimpoteza mke wake Mary kwa homa. Huyu alikuwa na mume tabibu kando ya kitanda chake, na kwinini alipewa. Hata hivyo hakupona. Twalisema jambo hili kwa sababu ni la kweli. Dawa si uchawi. Hata ikifika, yaweza kushindwa. Lakini isipofika, mgonjwa hana hata nafasi ile ya kupigania maisha yake.

Baada ya misiba hiyo Livingstone alirudi Ruvuma. Mwezi wa Septemba 1862 akapanda mto kwa mashua zaidi ya maili 100, mpaka miamba ikamzuia. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikamwita arudi. Wako waliomlaumu ya kuwa aliwavuta watu kwenda mahali pa kifo. Hatuwezi kuyafuta maneno yao yote. Alikuwa mgumu kwa wenziwe, na mara nyingine tumaini lake lilitangulia maandalio yake.

KASHA LILILOIBWA

Sasa twarudi Mikindani, mwaka 1866. Livingstone alikuwa na askari wa Kihindi 13, watu 10 wa Nzwani katika visiwa vya Komoro, vijana 9 waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nassick huko India, na wengine wachache. Miongoni mwao walikuwamo Susi wa Shupanga na Chuma, kijana wa Kiyao aliyefunguliwa minyororo ya utumwa mwaka 1861. Alileta pia ngamia, nyati, nyumbu na punda, ili ajue kama wanyama hao waweza kumstahimili mbung'o.

Mwanzo wa Aprili wakaondoka pwani kuelekea mto. Mwitu wa Wamakonde ulikuwa mnene, umefungamana kwa mitambaa, na ngamia hawakuweza kupita. Wamakonde wakashika mashoka wakawakatia njia kwa ujira. Wanyama wakafa mmoja mmoja. Katika nchi iliyofuata aliona vijiji vilivyoachwa ukiwa na mifupa ya watumwa kando ya njia, na njaa. Askari wakarudishwa, watu wa Nzwani wakamkimbia karibu na Nyasa. Livingstone akaendelea na watu wachache.

Tarehe 20 Januari 1867, katika msitu wakati wa mvua, mchukuzi mwaminifu aliyelibeba kasha la dawa kila siku alibadilishana mzigo na mmojawapo wa watu wawili waliojiunga nao njiani. Watu hao wawili wakatoroka. Walichukua bunduki, baruti, unga na vyombo, na pamoja na hivyo kasha la dawa. Mvua ikafuta nyayo zao. Mali nyingine zote Livingstone aliweza kuzivumilia. Hasara ya kasha ilimchoma, kwa maana alijua ya kuwa ni hukumu ya mauti juu yake. Hata hivyo hakuwalaani wezi wale. Alikumbuka ya kuwa utumwa ndio uliowalea.

Tangu siku hiyo tabibu aliyewaponya wengi akawa mgonjwa asiye na dawa. Mwanzo wa mwaka 1869 mapafu yake yalishikwa na ugonjwa mkali, akaacha kujua siku za mwezi. Mfanya biashara Mwarabu, Muhammad bin Gharib, ndiye aliyemhurumia; akampa dawa alizokuwa nazo, akaamuru abebwe kitandani. Akafika Ujiji tarehe 14 Machi 1869, akitumaini kuzikuta dawa alizoagiza. Mali zake nyingi zilikuwa zimeibwa, na dawa zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku 13, na njia ilikuwa imefungwa kwa vita. Mwaka 1870, huko Manyema, vidonda vya miguu vilimfungia kibandani siku 80. Kilichomsaidia ni jiwe la kijani la nchi ile, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Basi twaona ya kuwa aliyekuja na dawa za Ulaya aliokolewa na watu wa Afrika na wafanya biashara wa njiani, kwa vitu walivyokuwa navyo.

Mwaka 1871 Henry Stanley akamfikia Ujiji, akamletea chakula, barua na dawa. Nguvu zikamrudia. Stanley alipoondoka mwezi wa Machi 1872 alimsihi warudi pamoja, lakini Livingstone alikataa, kwa kuwa alitaka kwanza kuzikuta chemchemi za mto Nile.

KASHA LILILOCHELEWA

Safari ya mwisho ilikuwa katika maji na matope ya ziwa Bangweulu, wakati wa masika. Ugonjwa wa tumbo na kutoka damu ulimmaliza. Kutoka tarehe 22 Aprili 1873 watu wake walimchukua juu ya machela, wakamfikisha kijiji cha Chitambo, wakamjengea kibanda. Usiku wake wa mwisho alimwita Susi, akamwambia alilete kasha la dawa na kushika mshumaa karibu. Macho yalikuwa hayaoni vizuri. Akachagua kichupa kwa shida, akataka kikombe na maji. Kisha akamruhusu Susi aende. Safari hii kasha lilikuwako, na tabibu alikuwako, lakini saa ilikuwa imekwisha kupita. Kabla ya mapambazuko, tarehe 1 Mei 1873, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa.

Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti pale Chitambo. Mwili wakaukausha, wakauchukua zaidi ya maili 1,000 mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Akazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Na Chuma hakuiacha kazi ya safari. Mwaka 1875 aliongoza msafara wa Askofu Steere kwenda kwa Mataka. Na mwaka uliofuata Steere akaleta watu waliokombolewa utumwani, wakaanza makao Masasi.

TUNALOJIFUNZA

Miaka mingi baadaye, mwaka 1935, Dk. Leader Stirling alifika katika nchi ya Masasi. Akatibu na kupasua wagonjwa Lulindi katika nyumba za miti, udongo na nyasi, akawafundisha vijana wa nchi hii kazi ya uuguzi. Mtu huyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kutoka mwaka 1975 hata 1980. Yeye alifahamu lile ambalo Livingstone alijifunza kwa uchungu: tabibu mmoja apitaye njiani hatoshi. Yatakiwa nyumba ya dawa isiyohama, na wauguzi wa kwao, na njia ipitikayo.

Leo tuna Hospitali ya Ligula karibu nasi, tuna Ndanda na Nyangao na Mkomaindo, na zahanati vijijini. Dawa ya mseto imeshika mahali pa vidonge vya Livingstone, na vyandarua vyenye dawa vyamzuia mbu asitufikie. Lakini makasha yale bado yako kati yetu. Lile la Linyanti liko kila mahali ambapo mama akaa na mtoto mwenye homa asijue ya kuwa kipimo na dawa viko zahanati ya jirani. Lile la Shire liko katika kila kijiji cha ukingo wa Ruvuma ambacho masika huikata njia yake. Lile lililoibwa liko kila mahali ambapo dawa za watu wote zinageuzwa kuwa mali ya mtu mmoja. Lile la Unyanyembe liko katika kila ghala lenye dawa zisizopelekwa kwa wagonjwa. Na lile la Chitambo liko katika kila nyumba inayosema, tungoje mpaka kesho.

Basi, ndugu zetu, twaomba mambo machache. Mtoto akishikwa na homa, apelekwe zahanati siku ile ile. Mama mjamzito ajue mapema ni nani atakayemchukua saa yake ikifika, na kwa chombo gani. Walimu wawafundishe watoto ziliko zahanati kama wanavyowafundisha ziliko mito na milima. Na walio na kamati za vijiji waulize bila haya dawa zimefika lini, na zimekwenda wapi. Wamakonde waliwahi kushika mashoka wakamkatia njia tabibu aliyetoka pwani. Kazi ile haijaisha. Sasa njia ni ya kumfikisha mgonjwa wetu wenyewe, naye hawezi kungoja.